Mate Tuliyoipa Serikali

Siku ile, ukumbini kwetu Bofu, tulikuwa watu saba. Nilikuwako mimi, kwenye kiti cha mikono karibu na mlango wa ndani, kwa sababu magoti yangu hayautaki mkeka tena. Alikuwako ndugu yangu wa kiume, mdogo wangu, ambaye ukuta wa nyumba yake na wa yangu ni mmoja. Alikuwako mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa kwanza, ambaye shughuli yote ilikuwa yake. Alikuwako mwalimu wake wa chuo kikuu, mtu wa bara, mrefu, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Walikuwako wageni wawili wa serikali kutoka Nairobi, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya upole na mwanamume wa miwani aliyeshika karatasi. Wa saba ni mke wa mwanangu, ambaye alikuwa akiingia na kutoka na sinia, lakini namhesabu, kwa maana alisikia kila kitu.

Majina yao yote ninayo. Hata la yule wa miwani, aliyelitaja mara moja tu huku akivuta kiti. Wanaonijua wanajua kwamba jina likishaniingia halitoki. Lakini hapa sitaandika jina hata moja, na sababu yake itaonekana mbele. Mambo mengine madogo nimeyageuza kusudi, ili asiyetujua asije akatujua.

Kusoma sikusoma sana. Nilikaa kwa mwalimu wa Kurani mpaka nikahitimu, kisha skuli madarasa mawili, basi. Kuandika sawasawa nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru. Kazi yangu ilikuwa kualika. Kwa miaka thelathini na zaidi, ikiwa kuna harusi au hitima katika ukoo wetu, mimi ndiye niliyekuwa nikivaa buibui asubuhi na kupita nyumba kwa nyumba kusema mnaitwa siku fulani. Siku hizi watu hutuma kadi kwenye simu. Zamani ilikuwa lazima uende kwa miguu yako, tena uende kwa mpangilio: nyumba ya mkubwa kwanza, kisha anayemfuata, kisha watoto wa huyu, kisha wa yule. Ukiiruka nyumba moja, umezua maneno ya miaka. Ukimtaja mtoto wa nyumba kwa namna inayoonyesha kwamba wamuona wa kando, hutaitwa tena kualika, na una bahati kama utaitwa kula. Kwa hivyo ukoo mzima umo kichwani mwangu kwa mpangilio wa kualika, Likoni yote, kisha ng'ambo ya kivuko, kisha Ziwa la Ng'ombe na Mtopanga.

Mjukuu wangu alilijua hilo, ndiyo maana akaja kwangu.

Kazi yake yeye ni kusoma damu kwa kompyuta. Nilidhani nitamuona na koti jeupe na darubini. Hana. Ana laptopu yenye kibandiko cha paka, na miwani. Alinieleza mara tatu, na ya tatu nikaelewa. Alisema ndani ya mate ya mtu mna maandishi, herufi nne tu, zinarudiwa na kurudiwa mpaka yakawa marefu kuliko misahafu yote ya msikiti wetu ikipangwa pamoja. Kompyuta huyachukua ya watu wawili, ikayaweka ubavu kwa ubavu, ikatafuta yanapofanana. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana vipande virefu. Binamu, vifupi. Mtu na jirani yake hawafanani ila kwa yale ya wanadamu wote.

"Kwa hivyo," nikamwambia, "mwailipa kompyuta ifanye kazi niliyoifanya mimi kwa miguu."

"Ndiyo, nyanya. Tena wewe ulikuwa haraka zaidi."

Alichokuwa akitafuta ni habari ya ugonjwa ulio katika ukoo wetu, na katika koo nyingi za huku. Hospitali huandika selimundu, mitaani twauita sikoseli. Mtoto huumwa mifupa, miguu ikamvimba, macho yakawa ya manjano. Yeye alitaka kujua kwa nini ndugu wawili wakiwa nao, mmoja huishi kitandani na mwenzake akaenda kazini. Zamani, alivyonieleza, mate na damu za watu wa huku zilikuwa zikipelekwa nje zikasomwe huko, na majibu hayarudi kwa mwenye mate. Sasa serikali ilikuwa imetoa fungu la utafiti ili vijana wa hapa wasome wenyewe. Fungu lilikuwa la sehemu mbili. Ya kwanza ni kukusanya familia chache na kuzisoma. Ya pili ni kuleta mashine kubwa, waiita seva, ikae papa hapa Pwani, na kuajiri wenzake waliomaliza masomo naye na sasa wanauza simu. Lakini sehemu ya pili haiji mpaka ya kwanza ikaguliwe na kuonekana haina dosari.

Serikali sisi tunaijua kwa chifu, kitambulisho na foleni. Kwamba yataka mate lilikuwa jambo jipya. Siku ya kukusanya, mjukuu wangu alituweka ukumbini na vichupa vyake vyenye namba, akatuambia tusile wala kunywa kwa nusu saa. Ndugu yangu alikuwa ametoka kula visheti, ikabidi angojewe.

"Hebu nielewe," alisema. "Serikali yataka mate yangu?"

"Yataka, babu."

"Ni hii hii iliyonisimamisha juani siku tatu kwa kitambulisho?"

"Hiyo hiyo."

"Basi lete kichupa haraka. Nimekuwa na hamu ya kuitemea muda mrefu."

Alicheka mwenyewe mpaka mate yakakauka, akangojewa tena.

Kabla ya kutema kulikuwa na karatasi ya idhini. Mjukuu wangu aliisoma neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Mahali fulani paliulizwa: tukigundua jambo linalohusu mwili wako au nasaba yako, wataka kuambiwa? Mimi nilisema ndiyo, kwa sababu napenda kuambiwa. Ndugu yangu alisema la.

"Babu, nikusomee tena?"

"Nimesikia. Andika la. Nilivyo nimekwisha kujizoea. Habari mpya nitaipeleka wapi?"

Akatia sahihi yake ile ya siku alizofanya kazi bandarini, iliyo kama uzi uliofumuka. Mwanawe mkubwa, aliyetema baada yake, aliandika ndiyo.

Baada ya hapo mjukuu wangu alifungua daftari akaanza kuuchora mti wa ukoo. Wanaume mraba, wanawake duara. Juu baba na mama yetu. Akaniuliza watoto wa mama yangu, nikamtajia kama nilivyowataja maisha yangu yote: mimi, ndugu yetu aliyefariki, ambaye watoto wake wako Mtopanga, dada yetu aliye Ziwa la Ng'ombe, kisha pacha, wa kike na wa kiume. Watano. Wa kike alikufa hajatimiza miaka minane, kwa ugonjwa huo huo. Wa kiume ndiye huyo aliyekuwa akicheka na kichupa.

Kwa pacha alichora mistari miwili inayotoka nukta moja, kama miguu ya mtu aliyesimama ameitanua. Niliutazama mchoro. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nikamwambia chai yake inapoa.

Ikapita miezi. Ijumaa moja mchana, baada ya swala, mjukuu wangu alikuja akasema shikamoo nyanya, nikasema marahaba, akakaa mbele ya sahani ya wali na mchuzi wa papa asiuguse. Nilimuita kwa jina. Akasema abee, lakini hakuinua uso.

"Waumwa?"

"Nimeharibu kazi, nyanya."

Kompyuta ilikuwa imetoa alama nyekundu katika nyumba yetu. Ilisema mate ya namba fulani si ya mtu wa nyumba hii. Hayafanani na yangu, wala ya dada yetu, wala ya watoto wa marehemu, hata kipande. Namba hiyo ilikuwa ya ndugu yangu. Tena mate ya mwanawe yalifanana na yake sawasawa na yasifanane na yetu, na hilo yeye alilieleza kwamba lazima alibadilisha vichupa viwili kwa pamoja, vya watu wa familia nyingine aliyoitembelea juma lile.

"Huenda si wewe," nikasema.

"Ni nani basi? Mwalimu atuambia, ukiona kosa, laumu mkono wako kabla hujailaumu nyumba ya mtu. Na babu alizaliwa pacha. Angekuwa mtoto mwingine yeyote ningejiuliza mengine. Pacha haokotwi."

Kurudia kuwatemesha hangeweza bila ruhusa mpya ya kamati, na kamati ilikuwa haikai karibuni. Wageni wa serikali walikuwa wanakuja baada ya siku kumi. Alikuwa ameanza kuandika barua ya kukiri kwamba amechanganya vichupa. Alinionyesha. Niliisoma polepole, kwa kidole. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nikamuuliza wakiipokea itakuwaje. Akasema sehemu ya pili itakufa, kwa sababu aliyechanganya nyumba moja huenda amechanganya zote. Mashine itapelekwa kwingine. Na yeye hatapewa tena mate ya mtu kuyasoma.

Alisema hayo bila kulia. Akafunika sahani, akaondoka.

Sasa niseme nilichokuwa nikikijua.

Mama alikwenda kujifungulia shambani kwa mama yake, huku huku Likoni, ndani zaidi, mahali ambapo wakati huo palikuwa na minazi na nyumba chache. Nilikwenda naye, nikiwa na umri wa kubeba mtoto lakini si wa kubeba maji mengi. Katika chumba cha nje aliishi mke wa mfanyakazi wa bandari, mtu wa bara, naye mjamzito. Mama alijifungua mtoto wa kike. Siku nne baadaye yule mwanamke alijifungua wa kiume, akafa kabla ya jua kuwa kali. Mkunga alimfunga mtoto nguo, akatazama huku na huku, akampa mama. Mama alikuwa na maziwa. Hakuna aliyeketi akaamua jambo. Mtoto alilia, akanyonyeshwa, ndiyo habari yote.

Baba yake alikuja mara mbili na sukari na kitambaa. Mara ya pili alisema amehamishwa. Hakuja tena.

Arubaini ilipokwisha tulirudi Bofu na watoto wawili, na watu wakasema mashallah, pacha. Mama hakuwasahihisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba wa kiume mgongoni, na mlangoni kabla hatujaingia mama aliniambia, wala hakuniapisha, aliniambia tu kama mtu anayeagiza chumvi: "Hawa ni wawili kwenye mapaja yangu. Atakayekuuliza, ni hivyo."

Mkunga alikufa, nyanya yangu akafa, baba akafa, mama akafa. Najua msomaji atauliza habari ya nasaba na mirathi, na mashehe wana maneno yao. Baba hakuacha kitu cha kugombewa. Na kwa maziwa yale, kwa sheria ya dini, yeye ni ndugu yetu, hatuwezi kuoana naye, twakaa naye vichwa wazi. Nilipoanza kualika nilimtaja mahali pake, baada ya dada yetu, na hakuna siku niliyohisi natamka uongo.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimpa mjukuu wangu orodha ya kualika, naye akaipeleka kwenye kompyuta kama orodha ya kuzaa. Kompyuta haijui kualika.

Kwa siku mbili nilifanya kazi za nyumbani. Siku ya tatu nilimtumia ujumbe aje, nikamkalisha jikoni tukichagua mchele, kwa sababu macho yakiwa kwenye ungo maneno hutoka rahisi. Nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapo juu, pengine kwa maneno machache zaidi.

Aliiweka chini punje aliyokuwa ameishika.

"Mbona hukuniambia ulipouona mchoro?"

"Sikumwambia mtu yeyote. Wewe ungekuwa wa kwanza kwa lipi?"

"Nilikuwa karibu kutia sahihi, nyanya."

"Ndiyo maana nakwambia leo."

"Babu ajua?"

"Hajui. Yeye ajua kwamba alikula fungu la pacha wake tumboni. Ndivyo anavyosema tangu mwenzake alipokufa."

Mjukuu wangu alinitazama. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara nyingi, sote tumeyasikia. Ndugu yangu huyasema kwa kicheko, akishiba: mimi niliye mzima nilikula fungu la mwenzangu, yeye akatoka na mifupa mitupu. Watoto wa ukoo huyacheka. Mimi nimewahi kumuona akiyasema peke yake, akifagia kaburi la pacha wake.

Kisha mjukuu wangu akanieleza mambo mawili. La kwanza, katika mti hakuna majina. Mtu ni namba. Anaweza kuufuta ule mstari wa pacha, akachora wa vitone, ambao kwa wasomi wenzake maana yake ni mtoto aliyelelewa, na pembeni akaandika kwamba aliyetoa habari za ukoo amejisahihisha. Vichupa vitakuwa havikuchanganywa, na mate yatakuwa yamesema kweli. La pili, babu aliandika la. Kwa karatasi ile, yeye mtafiti haruhusiwi kumwambia, hata akitaka.

"Na mimi?"

"Wewe hukutia sahihi ya kunyamaza. Lakini wageni watakuuliza. Lazima wasikie kwako kwamba mti umesahihishwa na wewe, si na mimi kujiokoa."

"Waniulize jikoni basi, peke yangu."

"Nitawaomba."

"Babu yako hataondoka ukumbini," nikamwambia. "Serikali ije Bofu, naye akae kwake?"

Na hakuondoka. Siku ile alikuja mapema kuliko wageni, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, akakaa kiti kinachotazama mlango. Mjukuu wangu alipowaambia wageni kwamba nyanya angependa kuzungumza faragha, ndugu yangu alijibu kabla yangu.

"Faragha ya nini? Ataficha nini, umri wake? Karibuni, serikali. Kaeni. Leo nyinyi ndio mtakaotungojea sisi."

Mgeni mwanamke alicheka. Akaniamkia shikamoo, kwa Kiswahili chake cha bara kilichonyooka, akaniuliza afya yangu mpaka nikamaliza kumjibu. Nililiona hilo. Kisha mwanamume wa miwani akatandaza karatasi juu ya meza ndogo, na mke wa mwanangu ikabidi arudi na sinia la mahamri kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuliweka.

Ulikuwa mti wetu. Miraba na miduara na namba.

"Mama," akasema mwenye miwani, "habari za mti huu ulizitoa wewe?"

"Ni mimi."

"Na hapa pameandikwa kwamba umesahihishwa. Aliyeusahihisha ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa hiari yako? Hukuambiwa na mtafiti useme nini?"

"Huyu nimemfundisha mimi kuoga," nikasema. "Haniambii mimi la kusema."

Aliandika. Nadhani hakuandika la kuoga. Mwalimu mrefu alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na nilisikia pumzi zake.

Ndugu yangu akainama juu ya karatasi, akavuta miwani yake ya kusomea kutoka mfukoni, yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Akafuata mistari kwa kidole, kutoka juu kuja chini, kama anayetafuta njia. Kidole kikasimama.

"Na huyu maskini mwenye mstari wa vitone? Wino uliwaishia?"

Mke wa mwanangu alisimama na sinia.

"Hatuna ruhusa ya kujua majina, baba," akasema mgeni mwanamke. "Hata sisi tunaona namba tu. Maana yake ni mtoto aliyelelewa."

"Ala." Akakitazama tena kile kimraba. Hakuuliza cha nani. Akageuka kwangu. "Wewe ndiwe mwenye kualika. Huyu naye hualikwa?"

Nikasema, "Hualikwa. Ana mahali pake, wala hajawahi kurukwa."

"Vizuri," akasema, akavua miwani, akaikunja ule mguu wa uzi, akairudisha mfukoni. Halafu akamwambia mke wa mwanangu amuwekee mgeni mahamri mawili zaidi, mtu wa serikali hasafiri mbali hivyo kwa hamri moja.

Mimi nilidhani yamekwisha. Mwenye miwani alikuwa amekwisha kukunja karatasi. Lakini ndugu yangu akamuita mjukuu wangu aje mbele, si kwa kicheko.

"Nina swali, na ujibu kwa usomi wako, si kwa adabu. Pacha wangu alikuwa na ugonjwa huu. Mimi sikuwa nao. Watu wasema tumboni mmoja huweza kumlia mwenzake. Mimi nilikula kitu chake?"

Mjukuu wangu alichuchumaa mbele ya kiti chake. Mimi nilijua anapima kila neno, kwa sababu alikuwa amekatazwa moja na ameulizwa lingine.

"Ugonjwa huu hauliwi, babu. Mtoto huupata nusu kwa baba, nusu kwa mama, akizibahatisha zote mbili ndipo aumwe. Hautoki kwa pacha kwenda kwa pacha. Wewe nimekusoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Hukuchukua chochote chake. Hata herufi moja. Katika kazi yangu yote, hili ndilo nililo na hakika nalo zaidi."

"Wallahi?"

"Wallahi, babu."

Akamwekea mkono kichwani, juu ya mtandio, akauacha hapo. Kisha akachukua kikombe chake, akanywa chai yote bila kupumzika, akasema ina tangawizi nyingi.

Wageni waliondoka adhuhuri. Mlangoni yule mwanamke aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba nyingi hujisahihisha wakati kazi imekwisha kuharibika, na akanishukuru. Baada ya majuma kadhaa barua ilikuja: serikali itaendelea na sehemu ya pili. Ile barua nyingine, ya kukiri, mjukuu wangu aliichana jikoni kwangu, vipande vikatumika kuwashia jiko. Mashine ilifika. Alinipeleka kuiona. Ni kabati jeusi lenye taa ndogo ndogo, katika chumba chenye baridi ya kukufanya uombe leso ya pili, na vijana wawili wa kike na mmoja wa kiume waliokuwa wakiuza simu wanakaa nje ya chumba hicho na kuisomesha. Nikawauliza majina, na ya wazazi wao. Mmoja wao tunahusiana kwa upande wa Mtopanga, hakuwa anajua.

Ndugu yangu sasa hayupo. Alikufa kwa kifua, si kwa jambo lolote lililomo katika habari hii. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema maneno ya fungu. Kama alijua, alijua, sikumuuliza, na yeye aliandika la. Tulimzika ubavuni mwa pacha wake. Mwanawe mkubwa alikuwa ameandika ndiyo, kwa hivyo alikuwa na haki yake. Hitima ilipokwisha nilimkalisha nikamwambia, na mjukuu wangu akamweleza kwamba ugonjwa wetu yeye na wanawe hawakuupata kutoka kwetu. Akasema bintiye anaolewa mfungo mosi, baada ya Ramadhani, akaniuliza nitaalika vipi.

"Kama zamani," nikamwambia. "Mimi sijabadilisha kitu. Iliyobadilisha ni kompyuta."

Sababu ya kutoandika majina ni hiyo. Niliona watu wangu wakiandikwa kwa namba na hakuna aliyepungua, nikaona nami naweza.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Ikiwa ulikuwako, au ulisikia kwa aliyekuwako, na umeona nimekosea, niambie. Pengine chai haikuwa na tangawizi bali iliki. Pengine mwenye miwani ndiye aliyekula mahamri manne, na mwalimu hakula kitu. Pengine mtoto wa kiume alizaliwa siku ya tatu, si ya nne, nilikuwa mdogo na ilikuwa mvua. Hayo nisahihishe, nitashukuru. Lakini watoto wa mama yangu ni watano.